WAKE 91,540 WASIOJULIKANA MAJINA: WALIVYOIONYESHA DUNIA KWAMBA MOSHI WA SIGARA YA MWENZIO UNAUA

Mwishoni mwa mwaka 1965 nchini Japan, watumishi wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na madodoso mkononi. Walikwenda kwenye maeneo ya vituo vya afya 29, mijini na vijijini, wakawahoji watu wazima wa miaka 40 na kuendelea. Maswali yalikuwa ya kawaida tu. Unakula nini? Unafanya kazi gani? Unakunywa pombe? Unavuta sigara? Ngapi kwa siku?

Watu 265,118 walijibu. Kati yao walikuwepo wanawake 91,540 walioolewa na ambao hawakuwa wanavuta sigara kabisa. Walikuwa wake wa wakulima, wa wafanyabiashara, wa wafanyakazi wa viwandani. Majina yao hayapo kwenye kitabu chochote cha historia, na hakuna aliyewajengea sanamu. Lakini wanawake hao ndio walioanzisha vita iliyobadilisha ndege, ofisi, baa na migahawa karibu dunia nzima, na wengi wao walifariki bila kujua.

Twende taratibu ili ieleweke.

KABLA YA HAPO ILIKUWAJE?

Kwamba sigara inamuua anayevuta, hilo lilishajulikana. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti uliounganisha sigara na kansa ya mapafu. Mwaka 1964 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani akatoa ripoti iliyosema hivyo hivyo, safari hii kwa muhuri wa serikali.

Makampuni ya tumbaku yalikuwa na jibu jepesi: mtu mzima anachagua mwenyewe. Pesa yake, mapafu yake, we inakuuma nini?

Kwa yule aliyekaa pembeni, moshi ulionekana kero tu. Macho yanawasha, nguo zinanuka, basi. Watu walivuta kwenye mabasi, kwenye sinema, ofisini, mpaka hospitalini. Daktari kuongea na mgonjwa huku ameshika fegi halikuwa jambo la kushangaza. Ukilalamika unaambiwa una madeko.

Swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake la uhakika lilikuwa hili: je, yule asiyevuta, ambaye hajachagua kitu, naye anaumia?

KWA NINI JAPAN?

Mtafiti aliyeshika swali hili alikuwa Takeshi Hirayama, wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kansa mjini Tokyo. Na Japan ya wakati ule ilimpa nafasi ambayo ingekuwa ngumu kuipata kwingine.

Katikati ya miaka ya 60, zaidi ya asilimia 80 ya wanaume wa Japan walikuwa wanavuta. Wanawake waliovuta walikuwa wachache sana. Maana yake ni kwamba kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya nyumba ambazo mume anavuta na mke hagusi kabisa. Wanakula chakula kimoja, wanaishi mtaa mmoja, wanalala chumba kimoja. Tofauti kati ya nyumba na nyumba ni moshi.

Hirayama hakuwa na haraka. Aliwafuatilia wanawake wale kwa miaka 14, kuanzia 1966 hadi 1979. Kila aliyefariki, chanzo cha kifo kilichukuliwa kwenye kumbukumbu na kulinganishwa na majibu ya mumewe kwenye dodoso la mwanzo. Mume havuti? Mume aliacha, au anavuta chini ya sigara 20 kwa siku? Mume anamaliza 20 na zaidi?

Januari 1981 matokeo yakachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal. Wake wa wavutaji sugu walikuwa wanakufa kwa kansa ya mapafu karibu mara mbili ya wake ambao waume zao hawavuti. Na wale ambao waume zao walivuta kiasi walikuwa katikati. Yaani sigara za mume zikiongezeka, hatari ya mke inapanda, kama ngazi. Kwa mwanasayansi, ngazi ya namna hiyo ni dalili nzito kuwa hilo si jambo la bahati mbaya.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu wengi hawakitaji. Hirayama aliangalia pia pombe. Mtu angeweza kusema labda waume wanaovuta ni wahuni kwa ujumla, labda wanakunywa, labda maisha ya nyumba hizo ni magumu ndiyo maana wake zao wanakufa. Akakuta unywaji wa pombe wa mume hauna athari yoyote iliyoonekana kwenye vifo vya mke. Pombe ya mume ilibaki kwenye tumbo la mume. Moshi wake ndio uliovuka kitanda.

Mwezi huo huo wa Januari 1981, kundi la watafiti wa Athens, Ugiriki, likiongozwa na Dimitrios Trichopoulos, likachapisha utafiti wake. Wao walichukua njia tofauti: walianzia hospitali, wakawahoji wanawake 51 wenye kansa ya mapafu na kuwalinganisha na wagonjwa wengine 163. Jibu likaelekea kule kule. Nchi mbili zisizofanana kwa chakula wala hali ya hewa, na jibu moja.

MAKAMPUNI YAKACHARUKA

Hapo ndipo mambo yalipochangamka.

Makampuni ya tumbaku yalielewa haraka kuliko mtu yeyote maana ya karatasi ile. Kama moshi unamdhuru yule asiyevuta, basi ile hoja ya "ni uchaguzi wangu" imekufa. Serikali zitaingia. Waajiri wataogopa kushtakiwa. Sehemu za kuvutia zitapungua, na sehemu zikipungua na mauzo yanapungua.

Basi chombo cha makampuni ya tumbaku cha Marekani kikanunua matangazo ya ukurasa mzima kwenye magazeti mwaka huo huo wa 1981, kikidai hesabu za Hirayama zina makosa. Hirayama alijibu hoja zao kwenye jarida lile lile, na hesabu zake zikasimama.

Lakini chafu zaidi ilikuja kujulikana miaka mingi baadaye, pale kesi za Marekani zilipolazimisha makampuni hayo kutoa nyaraka zao za siri. Kumbe mwaka ule ule wa 1981, wakati matangazo yanasema Hirayama kakosea, wataalamu waliokuwa wanayashauri makampuni walikuwa wameshawaambia ndani kwa ndani kwamba Hirayama ni mwanasayansi mzuri na utafiti wake uko sahihi. Walijua. Na bado wakalipia tangazo.

Haikuishia hapo. Miaka ya 90 makampuni yakafadhili utafiti wao wenyewe wa wanandoa huko huko Japan kwa lengo la kumpinga Hirayama. Ukachapishwa 1995 kwa jina la mshauri wao, na msomaji wa kawaida asingeweza kujua jinsi makampuni yenyewe yalivyokuwa jikoni tangu mwanzo.

MOSHI WENYEWE UNAFANYAJE KAZI?

Sigara moja inatoa moshi wa aina mbili. Kuna ule anaouvuta mwenyewe na kuutoa mdomoni. Na kuna ule unaofuka wenyewe kwenye ncha inayowaka wakati sigara iko kwenye vidole au kwenye kisahani cha majivu.

Huu wa pili haupiti kwenye kichungi chochote. Unatoka kwenye tumbaku inayoungua polepole kwa joto dogo kuliko pale mtu anapovuta, kwa hiyo haiungui vizuri, na sumu kadhaa zinakuwa nyingi zaidi kwa kila gramu ya tumbaku. Ndani yake kuna benzini, fomaldehaidi, kaboni monoksaidi na hata aseniki. Kwa jumla moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha kansa. Ndio, hewa ya chumbani inaupunguza makali. Lakini mke wa mvutaji haingii chumbani mara moja. Anaingia kila siku kwa miaka 30.

Wapinzani wakauliza: utajuaje kama moshi huo umeingia kweli mwilini? Jibu likapatikana kwenye mkojo, mate na damu. Nikotini ikiingia mwilini inageuzwa kuwa kitu kinaitwa kotinini, na kotinini inapimika maabara. Watoto wa wavutaji walikutwa nayo. Wahudumu wa ndege wasiovuta walikutwa nayo. Mwili hauna ubishi, unaonyesha kilichoingia.

KARANI NA MASHINE ZA SIMU

Mapambano hayakuwa ya madaktari peke yao. Hata kabla ya Hirayama kuchapisha, kuna karani mmoja wa kampuni ya simu jimboni New Jersey, Marekani, ambaye moshi wa wenzake ofisini ulikuwa unamuumiza vibaya. Alilalamika, hakusaidiwa. Akaenda mahakamani.

Mwaka 1976 akashinda. Na sababu mojawapo ya ushindi wake inachekesha na kuuma kwa pamoja: kampuni ile ile ilikuwa na sheria ya kutovuta sigara karibu na mitambo ya simu, kwa sababu moshi unaharibu mitambo. Jaji akaona kwamba kama kampuni inaweza kuijali mitambo kiasi hicho, haiwezi kukosa kumjali mtu. Sehemu ya mitambo ikivunjika unaagiza nyingine. Pafu unaagiza wapi?

WAHUDUMU WA NDEGE

Kundi lililofuata lilikuwa la watu ambao wengi tunawaona kwa sare nzuri na tabasamu. Enzi zile ndege ilikuwa na upande wa wavutaji na upande wa wasiovuta. Abiria wa mbele anaambiwa yuko salama, wakati hewa ni ya chumba kimoja. Na mhudumu hana upande. Anapita huku na kule kwa saa nane, saa kumi, akigawa chakula katikati ya wingu.

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani wa wakati huo, C. Everett Koop, ilitoka 1986. Ilisema wazi kwamba moshi wa wengine unasababisha magonjwa, ikiwemo kansa ya mapafu, kwa watu wazima wasiovuta. Ikasema pia kuwatenganisha wavutaji na wasiovuta ndani ya hewa moja kunaweza kupunguza tatizo lakini hakuliondoi. Upande wa mbele na upande wa nyuma vikakosa maana kuanzia hapo.

Aprili 1988 Marekani ikapiga marufuku sigara kwenye safari za ndani za saa mbili au chini yake. Mwaka 1990 marufuku ikapanda hadi safari za saa sita au chini yake. Mwaka 2000 ndege zote zinazoingia na kutoka Marekani zikahusika.

Wahudumu wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1991 walifungua kesi mjini Miami dhidi ya makampuni ya tumbaku, kwa niaba ya wenzao wapatao 60,000 wasiovuta sigara. Oktoba 1997 makampuni yakakubali kumalizana nao kwa dola milioni 300. Pesa hiyo haikugawanywa mifukoni mwa wahudumu. Ilikwenda kuanzisha taasisi ya kufadhili utafiti wa magonjwa yatokanayo na moshi. Watu waliokuwa wanaumwa waliacha fungu kwa ajili ya watu wasiowajua.

KANSA ILIKUWA MLANGO TU

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusome kwa makini. Kansa ya mapafu kwa mtu asiyevuta ni ugonjwa adimu. Ukiongeza hatari yake mara mbili, bado unabaki na idadi ndogo. Ripoti ya Marekani ya 2006, baada ya kukusanya tafiti nyingi, iliweka ongezeko la hatari ya kansa ya mapafu kwa wasiovuta wanaoishi na moshi kwenye asilimia 20 hadi 30. Ya magonjwa ya moyo iliiweka kwenye asilimia 25 hadi 30.

Asilimia zinafanana, lakini moyo unaua watu wengi mno kuliko kansa ya mapafu kwa wasiovuta. Kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwenye moyo. Moshi unafanya chembe za damu zishikane haraka na kuumiza kuta za mishipa, na hilo halihitaji miaka 20. Linaanza muda mfupi tu baada ya kuuvuta.

Watafiti walipopiga hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2004, walipata vifo takriban 603,000 vilivyosababishwa na moshi wa wengine kwa mwaka mmoja. Angalia mgawanyo wake:

Magonjwa ya moyo: 379,000.
Nimonia na maambukizi mengine ya mfumo wa hewa: 165,000.
Pumu: 36,900.
Kansa ya mapafu: 21,400.

Umeona? Kansa, ile iliyobishaniwa kwa miaka yote hiyo, ndiyo ya mwisho. Na ile ya pili, nimonia na jamii yake, iliwapiga zaidi watoto wadogo. Zaidi ya robo ya vifo vyote 603,000 vilikuwa vya watoto. Karibu nusu vilikuwa vya wanawake. Mtoto wa miezi sita hana uwezo wa kusema "baba, toka nje". Hana hata uwezo wa kugeuza kichwa.

MJI MDOGO NA NCHI NDOGO

Mwaka 2002 mji wa Helena, jimbo la Montana, ulipiga marufuku sigara kwenye sehemu za kazi na za umma. Marufuku ilidumu miezi sita tu, kisha mahakama ikaisimamisha. Madaktari wa hospitali ya pale wakapitia rekodi zao: katika miezi ile sita, wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa takriban asilimia 40. Marufuku ilipoondoka, idadi ikarudi juu.

Helena ni mji mdogo, na tafiti kubwa zilizofuata kwingine zilikuta upungufu mdogo kuliko huo. Lakini zilikuta upungufu. Mwelekeo ulibaki ule ule.

Tarehe 29 Machi 2004 Ireland ikawa nchi ya kwanza duniani kuzuia sigara kwenye sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. Watu walitabiri baa zitakufa na wateja watagoma. Wateja wakatoka nje kuvuta, wakarudi ndani kumalizia bia zao. Wahudumu wa baa, ambao nao hakuna anayewajua majina, wakaanza kupumua.

TANGAZO LA PILI

Kumbuka yale matangazo ya 1981. Agosti 2006, jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani, Gladys Kessler, aliamua kwamba makampuni makubwa ya tumbaku yaliudanganya umma kwa miongo kadhaa, ikiwemo kuhusu moshi wa wengine. Aliamuru yatangaze ukweli kwa pesa zao wenyewe. Yakakata rufaa, yakabishana neno kwa neno, miaka ikapita 11.

Novemba 2017 matangazo hayo yakaanza kutoka magazetini na kwenye televisheni. Ndani yake makampuni yalilazimika kueleza kwamba moshi wa sigara ya mtu mwingine unaua Wamarekani zaidi ya 38,000 kila mwaka. Kutoka tangazo la kwanza hadi la pili ni miaka 36.

NA HUKU KWETU?

Sheria zipo. Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu 2003, Kenya tangu 2007, na Uganda ilipitisha ya kwake 2015 inayozuia kuvuta hata ndani ya mita 50 kutoka sehemu ya umma. Shisha nayo ilipigwa marufuku: Tanzania 2016, Kenya na Rwanda mwishoni mwa 2017.

Lakini sheria kuwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, na Ijumaa usiku kiwanjani ni kitu kingine. Bado kuna watu wanaamini shisha haina neno kwa sababu moshi unapita kwenye maji. Maji yanapooza moshi, hayauoshi. Kaboni monoksaidi inapita, kemikali za kansa zinapita, na mkaa unaowekwa juu unaongeza sumu yake. Dada anayebadilisha mkaa meza kwa meza mpaka alfajiri hajavuta hata pafu moja, na bado usiku mzima anavuta.

Na "kona ya wavutaji" ndani ya ukumbi mmoja? Hilo lilishajibiwa 1986. Feni haitoi sumu, inaizungusha. Kufungua dirisha la gari huku mtoto amekaa siti ya nyuma hakumlindi mtoto. Ripoti ya 2006 ilimaliza ubishi: hakuna kiwango cha moshi wa wengine kilicho salama.

Hii haina maana mvutaji ni adui. Wengi walianza wakiwa wadogo na nikotini imewashika kweli kweli. Lakini kutoka nje kabla ya kuwasha ni hatua chache tu kuelekea mlangoni, na kwa mke, mtoto au mhudumu aliyebaki ndani hatua hizo zina uzito.

Wadau, kwako hali ikoje? Ukimwambia mtu azime sigara kwenye daladala, baa au sebuleni, anakuelewa au anakuona una nyodo? Na kama wewe unavuta, nyumbani unavutia wapi? Tiririka hapo chini, ila matusi weka pembeni.